Mtandao Unasumbua: Kitenzi 'Zuia' na Jamaa Zake katika Istilahi za Ulinzi wa Mitandao ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Katika kata ya Buhembe, Manispaa ya Bukoba, kama ilivyo kwingineko nchini Tanzania, mteja aliyekwenda katika duka la steshenari kuomba mkopo wa elimu ya juu au kutuma maombi ya kazi, akaona ukurasa haufunguki, hupewa jibu moja: mtandao unasumbua. Jibu hilo si la uongo, lakini pia halielezi jambo lolote. Kisarufi lina upungufu wa aina yake. Kitenzi 'sumbua' kwa kawaida huhitaji yambwa, yaani mtu anayesumbuliwa, na hapa yambwa ameondolewa. Mtandao nao umepandishwa cheo ukawa mtenda, kana kwamba ni mtoto mkaidi aliyeamka vibaya. Mteja huondoka, akarudi kesho yake.

Sababu za ukurasa kutofunguka ni nyingi. Huenda umeme wa mnara umekatika, au seva imeelemewa na waombaji wa siku ya mwisho, au mkongo una hitilafu mahali fulani. Zote hizo ni ajali au upungufu. Ipo hata hivyo sababu nyingine isiyokuwa ajali: mfumo wa ulinzi, upande wa mtumaji au wa mpokeaji, umezitazama data za mteja huyo, ukazilinganisha na kanuni ulizopewa, ukaamua zisipite. Hapo hakuna kilichoharibika. Kila chombo kimefanya kazi kama kilivyoagizwa, na aliyeagiza ni binadamu.

Makala haya yanachunguza msamiati ambao Kiswahili kinao kwa ajili ya hali hiyo ya mwisho. Hoja yake ni kwamba sarufi ya Kiswahili, kwa viambishi vichache, tayari inayatenganisha mambo ambayo fundi wa mtandao analazimika kuyatenganisha anaposimamia data zilizozuiwa, na kwamba istilahi zinazotafsiriwa kwa pupa huufuta utenganisho huo. Suala si unadhifu wa lugha peke yake. Aliyezuiwa kimakosa hawezi kudai afunguliwe iwapo lugha anayoelezwa kwayo haimjulishi kwamba amezuiwa.

2.0 Mfumo wenyewe na matendo yake

Ieleweke kwanza kwamba kubaini uvamizi na kuuzuia ni kazi mbili zenye historia mbili. Kielelezo cha kubaini uvamizi kilichowekewa misingi ya kinadharia na Dorothy Denning mwaka 1987 kilihusu utambuzi tu: mfumo huangalia mwenendo wa watumiaji na kutoa taarifa pale mwenendo unapotoka katika mazoea. Programu ya Snort, iliyotolewa na Martin Roesch mwaka 1998, nayo ilianza kama mlinzi anayetazama nakala za data zinazopita na kupiga kelele. Mlinzi wa namna hiyo akikosea, hasara ni kelele tu. Mfumo wa kuzuia hukaa katikati ya njia yenyewe. Kila pakiti inayoingia au kutoka sharti ipite mikononi mwake, na akikosea, mtu fulani hakosi usingizi kwa kelele, bali hukosa huduma.

Mtu asiye wa fani hudhani kwamba mfumo huu una matendo mawili, kupitisha na kuzuia. Sivyo. Katika toleo la pili la Snort, mwandishi wa kanuni huweza kuuagiza mfumo utahadharishe na kuiachia pakiti ipite. Uandike bila kutahadharisha. Upitishe bila kuuliza. Uitupe pakiti na kuandika kwamba imetupwa. Uitupe na kumjibu mtumaji kwamba ombi lake limekataliwa. Au uitupe bila kuandika popote. Toleo la tatu likaongeza tofauti nyingine yenye uzito: kuitupa pakiti moja iliyopo ni tendo moja, na kuitupa pamoja na zote zitakazofuata katika mazungumzo hayohayo ni tendo jingine. Suricata, programu ya aina hiyohiyo iliyotoka mwaka 2010, nayo hutofautisha kumjibu mtumaji, kumjibu mpokeaji na kuwajibu wote wawili. Juu ya hayo yote, mifumo mingi huweza kuiweka anwani nzima katika orodha na kuifungia kwa muda uliopangwa, kwa mfano saa moja.

Matendo yote hayo, yanapoelezwa kwa Kiswahili katika mafunzo na katika mazungumzo ya ofisini, huishia katika neno moja: imezuiwa.

Madhara ya ufukara huo yanaonekana vizuri katika tofauti ya kutupa na kukataa. Pakiti inapokataliwa, kompyuta ya mteja hupokea jibu papo hapo na kumwambia mteja kwamba haiwezekani. Pakiti inapotupwa kimya, kompyuta husubiri jibu lisilokuja, hutuma tena, husubiri zaidi, hutuma tena, mpaka inakata tamaa. Wakati huo wote mteja anatazama duara linalozunguka. Kwa jicho lake, hali hiyo haina tofauti yoyote na mnara dhaifu au mkongo mbovu. Kwa maneno mengine, tendo la kutupa kimya, ambalo wataalamu hulipenda kwa sababu halimwambii mdukuzi kwamba upande wa pili kuna mashine, ndilo hasa linalozalisha ile hali ambayo watu wa Buhembe huiita mtandao kusumbua. Kauli ya mwenye duka ina msingi wake. Inaeleza kwa uaminifu kile ambacho mfumo umekusudia kionekane.

3.0 Neno 'trafiki' na mitego mingine

Kabla ya kufika kwenye kitenzi, nomino inayokizunguka ina tatizo lake. Istilahi ya Kiingereza kwa data zinazopita mtandaoni ni ileile inayotumika kwa magari barabarani, na ipo tamaa ya kuitohoa moja kwa moja. Lakini Kiswahili kilikwisha kulitohoa neno hilo zamani na kulipa maana nyingine: trafiki ni askari wa usalama barabarani. Mwanafunzi wa ufundi akiandika 'trafiki iliyozuiwa', msomaji wa Bukoba ataona askari mwenye sare nyeupe amewekewa kizuizi na watu wasiojulikana, jambo ambalo bila shaka wapo madereva wangelifurahia. 'Msongamano' nalo halifai, kwa kuwa lina wazo la kubanana, ilhali njia yaweza kuwa nyeupe kabisa na pakiti moja tu ikazuiwa. Inatosha kusema 'pakiti zinazopita', na kuliacha neno 'mtiririko' kwa kundi la pakiti za mazungumzo mamoja kati ya mashine mbili. Utenganisho wa pakiti na mtiririko utahitajika hapo mbele.

Kwa upande wa mkosaji, maneno yaliyopo ni mavamizi, uingiliaji na udukuzi. Udukuzi ndilo lililoenea, na linakaribiana na 'dukiza', kitenzi cha zamani cha kusikiliza maongezi ya watu kwa siri. Ukaribu huo unafaa kwa wizi wa taarifa, haufai kwa shambulio linalolenga kuizamisha seva kwa maombi mengi, ambalo halisikilizi wala haliibi chochote. Uvamizi linayabeba yote mawili.

Maneno 'orodha nyeusi' na 'orodha nyeupe' ni tafsiri sisisi, na hayana faida yoyote ambayo 'orodha ya waliofungiwa' na 'orodha ya wanaopitishwa' hayana. Rangi haimwambii mtu nini kimefanyika.

Huenda ikapingwa kwamba istilahi haziundwi na wanaisimu, huundwa na wanaozitumia, na kwamba mjadala wa aina hii ni mchezo wa mezani. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa mwaka 1967, limesanifisha istilahi nyingi zilizobaki katika vijitabu. Lakini 'kishikwambi' lilikuwa neno la kuchekwa mpaka Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilipowapa makarani chombo chenyewe pamoja na jina lake, na baadaye vyombo hivyo vikapelekwa kwa walimu. Leo neno hilo halimchekeshi mtu. Istilahi hushika pale inapofika mkononi pamoja na kifaa. Vivyo hivyo, iwapo fundi atafundishwa kazi ya kusimamia mfumo na maneno yake kwa wakati mmoja, maneno hayo yatamkaa.

4.0 Zuia, funga, kata

Mwezi Mei 2024, tarehe 12, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mwaka uliofuata, kuanzia siku ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili, hata asiyejua lolote kuhusu mikongo, husema kwa tukio la kwanza kwamba mkongo umekatika, na kwa la pili kwamba intaneti imekatwa au imezimwa. Kiambishi kimoja kinatosha. Kauli ya kutendeka, yenye -ik-, humfuta mtenda kabisa: kitu kimefikia hali fulani, basi. Kauli ya kutendwa, yenye -w-, yaweza kumnyamazia mtenda lakini haimfuti. Humwacha mlangoni, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, 'Na nani?' Swali hilo haliulizwi kwa 'umekatika'. Ni jambo la kustaajabisha kwamba lugha yenye chombo kikali namna hii hukubali kukiweka kando na kusema 'unasumbua', kauli ambayo haina -ik- wala -w-.

Kitenzi 'zuia' kina sifa ya pekee katika mizani hii. Umbo lake la -ik-, 'zuilika', halielezi hali iliyokwisha kufikiwa, hueleza uwezekano. Malaria inazuilika, ajali inazuilika. Ni vigumu kusema 'pakiti imezuilika' kwa maana ya kwamba imejikuta imezuiwa yenyewe. Hivyo 'zuia' haikubali kuwa ajali. Palipo na zuio pana mzuiaji. Sifa hii ni nzuri na inafaa kuhifadhiwa katika istilahi kuu ya mfumo wenyewe, yaani mfumo wa kuzuia uvamizi.

Kasoro yake iko upande wa pili. Vitenzi vingi vya kufunga na kubana vina kinyume chake ndani ya mnyambuliko: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. 'Zuia' haina. Umbo 'zua' lipo, lakini ni kitenzi kingine chenye mambo yake, cha kuzua maneno na uzushi. Aliyezuia akitaka kutendua alichotenda, lugha humlazimisha atafute nomino na kitenzi kingine: aondoe zuio, atengue zuio. Msamiati huo umetoka mahakamani, ambako amri ya zuio hutolewa dhidi ya mhusika anayejulikana, kwa sababu inayoandikwa, na hutenguliwa kwa maombi. Nomino 'zuio' kwa hiyo inafaa sana kwa kila ingizo katika orodha ya mfumo: zuio lina anwani, lina kanuni iliyolizaa, lina saa ya kuanza, na lina njia ya kutenguliwa. 'Kizuizi' liachiwe kifaa chenyewe, hasa kwa kuwa katika lugha ya sheria na siasa kuwekwa kizuizini kulikwisha kupata maana nzito tangu Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962.

Kwa anwani iliyowekwa katika orodha kwa muda, Kiswahili cha Tanzania kina kitenzi kilicho tayari, nacho ni 'fungia'. Mchezaji hufungiwa mechi tatu. Gazeti hufungiwa siku kadhaa. Akaunti hufungiwa. Aghalabu 'kufungiwa' huandamana na kipimo cha muda, na kisipotajwa msikilizaji hukiuliza. Tena kinyume chake, 'kufunguliwa', kimo mlemle katika kitenzi. Msimamizi anayesema 'anwani hii nimeifungia' amejiwekea mwenyewe swali la 'mpaka lini?', na swali hilo ndilo nusu ya kazi ya usimamizi, kwani mazuio yaliyosahauliwa huzidi kurundikana hata orodha ikawa haieleweki.

Matendo mengine yanaweza kupangiwa vitenzi hivi. 'Tahadharisha' kwa kutoa taarifa na kupitisha. 'Tupa' kwa pakiti moja inayoondolewa na tendo likaandikwa, na 'tupa kimya' pale lisipoandikwa. 'Kataa' kwa kutupa na kumjibu mtumaji, kwa sababu kukataa ni jibu kwa aliyeomba. Asiyejibu hajakataa, amepuuza. 'Kata' kwa kuyasimamisha mazungumzo yote, yaani mtiririko wenyewe na si pakiti moja. Kwa faili linalowekwa kando lichunguzwe, 'zuilia' lingeweza kufaa: katika Kiswahili cha Kenya mshukiwa huzuiliwa na polisi, yaani hushikwa asiende, wala hafukuzwi. Hata hivyo, kwa jambo hilo mkoa wa Kagera una neno lililo karibu zaidi.

5.0 Wahisiwa na migomba

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwepo kwa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni 2023, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua, 8 kwa kuthibitishwa na maabara, na 6 kati yao walifariki. Mlipuko mwingine ulitangazwa Januari 2025 katika Wilaya ya Biharamulo, mkoa huohuo. Katika miezi hiyo wakazi wa Bukoba, wa Buhembe wakiwamo, walisikia redioni na vijijini msamiati ambao mtaalamu wa usalama wa mtandao angeuonea wivu. Mwenye dalili ambaye vipimo vyake havijatoka aliitwa mhisiwa. Aliyepimwa akakutwa na ugonjwa alikuwa mgonjwa aliyethibitika. Aliyegusana naye, akiwa mzima, alifuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu ndio muda wa juu ambao ugonjwa hujificha mwilini. Siku zikiisha bila dalili, aliruhusiwa. Karantini ni kwa asiyejulikana hali yake. Kutengwa ni kwa mgonjwa. Maneno hayo hayakukaririwa kwa ajili ya mtihani. Yaliamua nani angekwenda shambani na nani asingekwenda.

Katika mifumo ya kuzuia uvamizi, daraja hizo mbili huchanganywa kila siku. Kila kilichozuiwa huitwa shambulio. Ripoti husema kwamba mashambulio elfu moja yamezuiwa, wakubwa hufurahi, na bajeti hupita. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha hatari iliyomo, na hesabu hii ni ya mfano tu. Tuseme miunganisho milioni moja hupita kwa siku na kati yake 20 ni ya wavamizi. Tuseme pia kwamba kanuni ni kali kiasi cha kuwanasa wavamizi wote 20, na huwakosea wasio na hatia mara moja tu katika kila 1,000. Kanuni hiyo yaonekana kuwa nzuri mno. Hata hivyo itawazuia wasio na hatia wapatao 1,000, na katika mazuio 1,020 ya siku hiyo yaliyo ya haki hayatafika 2 katika kila 100. Stefan Axelsson aliionyesha hoja hii mwaka 1999, na haijatanguliwa na maendeleo yoyote ya mitambo, kwa kuwa chanzo chake si ubovu wa mtambo bali uchache wa wavamizi miongoni mwa wapitaji.

Kwa hiyo kilichozuiwa kwa kanuni peke yake ni kihisiwa. Kitakuwa shambulio pale msimamizi atakapokithibitisha. Zuio lililomwangukia asiye na hatia liitwe zuio la kimakosa, badala ya 'chanya ya uongo', istilahi ambayo humlazimisha msomaji ajifunze kwanza takwimu za maabara ndipo aelewe kwamba kuna mtu ameonewa. Uvamizi uliopita bila kuonekana, ambao ndio kosa la upande wa pili, waweza kuitwa mpenyo.

Somo la pili la Kagera linatoka migombani. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uligunduliwa Tanzania mwaka 2006, katika Wilaya ya Muleba. Mkulima alihimizwa kung'oa shina zima: mgomba wenye dalili, mama yake, watoto na machipukizi yote yaliyoungana chini ya ardhi. Kwa mtu ambaye kibanja ndicho chakula chake, urithi wake na makaburi ya wazee wake, agizo hilo lilikuwa zito, na wapo waliolikwepa. Utafiti uliofanywa baadaye katika Afrika Mashariki na Kati ulionyesha kwamba bakteria hao hawasambai daima katika shina zima, na kwamba kukata mara kwa mara mgomba mmoja mmoja wenye dalili, kwa panga lililosafishwa, hupunguza ugonjwa kwa kiasi kikubwa bila kuangamiza kibanja.

Anwani ya mtandao ni shina la namna hiyo. Kwa uhaba wa anwani za mfumo wa zamani, zisizozidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, shule, ofisi au duka huwa na anwani moja ya nje ambayo kompyuta zote hujificha nyuma yake, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi mno nyuma ya anwani chache. Simu moja yenye programu hasidi ikifanya anwani ifungiwe, wanaofungiwa ni wote. Umoja wa kisarufi hudanganya hapa: 'mvamizi amefungiwa' ni sentensi ya mtu mmoja inayoficha watu wengi. Uamuzi wa kutupa pakiti, kukata mtiririko au kufungia anwani unafanana na uamuzi wa kukata mgomba au kung'oa shina, na msimamizi mwenye neno moja tu kwa yote matatu huelekea kung'oa.

6.0 Batli na maneno ya mwenye duka

Mambo yote yaliyotajwa yanategemea kumbukumbu. Mabaharia wa pwani wana neno 'batli' kwa kitabu cha safari cha chombo, na baadhi ya watafsiri wamelipendekeza kwa kumbukumbu za mifumo ya kompyuta. Ni pendekezo zuri. Batli huandikwa safari ikiendelea, si baada ya ajali, na hutaja nani alikuwa zamu. Ingizo la batli lenye neno 'imezuiwa' peke yake ni upungufu. Linapaswa kusema tendo lipi kati ya yaliyotajwa, kwa kanuni ipi, dhidi ya anwani ipi, na mpaka lini. Kutupa kimya, kwa kuwa hakuachi ingizo, hakumpi msimamizi wa kesho chochote cha kukagua, na kunafaa kutumika kwa uchache sana, pale tu ambapo wingi wa pakiti ungelijaza batli likawa halisomeki.

Linabaki suala la aliyezuiwa. Kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake, mwananchi ana sababu ya kutaka aelezwe kwa lugha hiyo kilichompata. Ujumbe unaofaa si mrefu: 'Ombi lako limezuiwa na mfumo wa ulinzi wa taasisi hii. Zuio litakwisha saa 9:30 alasiri. Ukiona umezuiwa kimakosa, mpelekee msimamizi wa mtandao namba hii.' Kauli ya kutendwa imetumika pamoja na mtenda wake, muda umetajwa, na njia ya kutengua ipo. Kanuni yenyewe haikutajwa, na hilo ni sahihi, kwani mvamizi naye husoma Kiswahili.

Lakini ujumbe huo mara nyingi hautafika. Data nyingi za sasa husafiri zikiwa zimesimbwa kati ya kompyuta ya mteja na seva, na mfumo ulio katikati, usiokuwa na ufunguo, hauwezi kupenyeza ukurasa wake wa maelezo. Unachoweza ni kukata tu, na mteja akaona kosa lisilo na jina. Maelezo yatamfikia kwa kinywa cha mtu, ambaye Buhembe ni kijana wa steshenari, aliyejifunza Kihaya nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi na kompyuta kwa Kiingereza cha sekondari. Kijana huyo haoni batli ya mfumo uliozuia. Anaweza, hata hivyo, kujaribu ukurasa mwingine, kujaribu ukurasa uleule kwa simu yenye laini nyingine, na kutazama kama jibu limekuja papo hapo au duara linazunguka tu. Ukurasa mwingine ukifunguka, na huu ukafunguka kwa laini nyingine lakini ukagoma kwa mtandao wa duka, yeye ana ushahidi wa kutosha kumwambia mteja, 'Tumefungiwa, ngoja nimpigie msimamizi wao,' badala ya kumwambia arudi kesho.